Mungu wa Milima na wa Mabonde: Hali ya Nchi ya Sibwesa na Ramani ya Kanisa

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 20, washauri wa mfalme wa Shamu wanamweleza bwana wao sababu ya kushindwa vitani. Kwa maoni yao, Mungu wa Israeli ni Mungu wa milimani. Basi vita vikihamishiwa tambarare mambo yatageuka. Nabii anajibu, na jibu lake twalifahamu. Linalotuvuta katika makala haya ni lile kosa la Washami lenyewe, kwa sababu limerudiwa mara nyingi na watu wasiokuwa Washami. Atakayeichukua ramani ya makanisa ya kale ya Kilutheri katika nchi yetu na kuiweka juu ya ramani ya miinuko ya ardhi, ataona kwamba ramani hizo mbili karibu ni moja. Mlalo katika Usambara, mwaka 1891. Machame, 1893. Mamba, 1894. Shigatini katika Upare, 1900. Kule kusini Wamisheni wa Berlin na Wamoravian waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka ule ule wa 1891, wakapanda juu kuelekea Rungwe. Ni kweli kwamba kazi ilianza pia pwani, Dar es Salaam na Kisarawe, wala hatusemi kwamba hakuna aliyehubiriwa mabondeni. Hata hivyo uzito wa kazi ulikaa juu, kwenye baridi.

Tunakusudia kuitazama historia hiyo kutoka mahali ambapo haikufika mapema, yaani Sibwesa na nchi inayoizunguka. Sibwesa iko magharibi ya mji wa Mpanda, katika ile nchi ya vilima iliyo kati ya mji huo na Ziwa Tanganyika. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, na wilaya yake siku hizi yaitwa Tanganyika. Wenyeji wa asili wa nchi hii ni Wabende, na ndugu zao Watongwe upande wa kaskazini. Wasafiri wa karne ya 19 waliiita Ukawendi.

Umbo la nchi

Mawe ya nchi hii ni ya kale sana. Wanajiolojia wa dunia nzima huyataja mawe hayo kwa jina lililotokana na Ubende, na umri wake wakadiriwa kuwa karibu miaka bilioni 2. Ni jambo la kupendeza kwamba jina la watu wachache, ambao hata Watanzania wengi hawawajui, limekuwa neno la kawaida katika vitabu vya elimu ya miamba huko Ulaya na Marekani. Ziwa, kwa kulinganisha, ni kijana: lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12 hivi. Ardhi ilipasuka, katikati ikadidimia na kingo zikainuka. Ndiyo maana uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya bahari ilhali kina chake chafika mita 1,470, na kandokando yake milima yasimama kama ukuta. Ulio mrefu kupita yote upande wetu ni Nkungwe, katika safu ya Mahale, wenye mita 2,462. Kazi hiyo ya kupasua haijakoma. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20.

Mtu atokaye Mpanda, penye mwinuko wa mita 1,100 hivi, akaenda magharibi, hupita miombo na vilima, kisha huteremka ghafula mpaka ziwani. Maji ya nchi hii huachana njia. Yanayoanguka upande wa magharibi huingia Tanganyika, na kwa njia ya mto Lukuga hufika Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Yanayoelekea kaskazini-mashariki hukutana na mto Ugalla, ambao humwagika katika Malagarasi. Na yale ya mto Katuma huelekea kusini-mashariki, hupita katika mabwawa ya Hifadhi ya Katavi, kisha hushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Rukwa haina mlango wa kutokea. Maji yafikayo huko hayatoki tena ila kwa kupanda mbinguni kama mvuke. Basi matone mawili ya mvua yaliyoanguka kwenye vilima hivi kwa saa moja yaweza kuwa na miisho iliyo mbalimbali kabisa, na mwenye kukata msitu juu ya kilima kimoja hajui daima ni jirani yupi anayemnyang'anya maji.

Jinsi mlima unavyofanya hali ya hewa

Hatuna budi kueleza kidogo elimu ya jambo hili, maana mengi yatakayofuata yategemea hapo. Hewa inapopanda, uzito wa hewa iliyo juu yake hupungua. Hutanuka, na kwa kutanuka hupoa. Hewa kavu hupoa karibu digrii 1 ya Sentigredi kwa kila mita 100. Ikishapoa kiasi cha mvuke wake kugeuka mawingu, hupoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unaogeuka kuwa maji hutoa joto. Kwa wastani twaweza kuhesabu digrii 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kwa hesabu hiyo kilele cha Nkungwe huwa na baridi kuliko ufuko wa ziwa ulio chini yake kwa digrii 10 au 11, ijapokuwa vyatazamana uso kwa uso.

Hewa iliyolazimishwa kupanda hutua mzigo wake wa mvua upande inakopandia. Ikishavuka kilele na kushuka, hukauka na kupata joto. Wenzetu wa Usambara wanalijua jambo hili bila kufundishwa: upande mmoja migomba na chai, na nyuma ya milima Mkomazi yenye miiba. Vivyo hivyo Kilimanjaro, ambako miteremko ya kusini hupata mvua nyingi kuliko ile ya kaskazini. Huko mvua huletwa na pepo za Bahari ya Hindi.

Huku Sibwesa mambo ni tofauti. Kusi inayovuma kuanzia Mei hadi Septemba hufika ikiwa imekwisha kuacha unyevu wake katika milima ya mashariki na kusini. Kwa hiyo kwetu ni pepo za kiangazi, kavu, zenye vumbi na moshi wa mioto ya miombo. Mvua huja wakati mkanda wa mvua wa ikweta unapolifuata jua kuelekea kusini, na hewa yenye unyevu, pamoja na ile itokayo upande wa Kongo na juu ya ziwa lenyewe, inapokutana na ukuta wa milima. Ndipo twaelewa kwa nini mteremko wa magharibi wa Mahale, unaotazama ziwa, hupata kiasi cha milimita 1,800 kwa mwaka na kuotesha msitu wa aina ya Kongo, ilhali upande wa mashariki wa milima hiyo ni miombo yenye mvua haba zaidi. Juu kabisa, kupita mita 2,000, uko msitu wa milimani na mianzi, ambao hunywa hata ukungu.

Liko pia pumzi la kila siku. Mchana miteremko hupata joto, na upepo hupanda kutoka ziwani kuelekea vilimani. Usiku miteremko hupoa upesi kuliko maji, na hewa nzito huteremka mabondeni kama mto usioonekana mpaka ziwani. Wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao usiku wanauhesabu upepo huo, asiyeuhesabu harudi. Na mkulima wa bondeni hujua kwamba asubuhi ya Juni au Julai chini ya bonde kwaweza kuwa na baridi kali kuliko ubavuni mwa kilima kilicho juu yake.

Jambo moja la kiutendaji kwa watumishi. Wachungaji wengi waliolelewa kaskazini ya nchi wamezoea misimu miwili ya mvua, vuli na masika. Katika nchi ya Mpanda msimu ni mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na baada yake ni kiangazi kirefu kisicho na tone. Basi Majilio huingia pamoja na mvua za kwanza na jembe la kwanza. Kwaresima huangukia wakati ghala limekuwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa, hata watu hufunga kabla ya kuambiwa na mchungaji. Pasaka huja mvua zikielekea ukingoni, na mavuno yenyewe ni ya Mei, Juni na Julai. Anayepanga Sikukuu ya Mavuno kwa kalenda ya mahali pengine atawaomba watu watoe walichokuwa bado hawajakivuna. Twaona kwamba waliotunga mfuatano wa mwaka wa Kanisa huko kaskazini ya dunia waliweka Pasaka katika majira ya machipuo. Huku yaangukia katika majira ya kungoja, na tusione haya kuhubiri hivyo.

Wamisionari kama wanajiografia

Elimu ya milima ya Afrika Mashariki, kama ilivyofika Ulaya, ilianzia kwa watu wa Kanisa. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa cha Uingereza, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile ila alikiita baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba, mwenzake Johann Ludwig Krapf aliuona mlima Kenya kutoka Kitui. Habari zilipofika London, bwana W. D. Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alizikataa: haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Ubishi uliendelea mpaka Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima katika miaka ya 1861 na 1862. Twapenda kukumbusha kwamba kosa la Cooley halikuwa ujinga. Alikuwa msomi hodari wa vitabu. Alijua umbali wa nchi kutoka ikweta, akasahau kuuliza urefu wake kwenda juu.

Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, pamoja na Rebmann, walikusanya maneno ya wafanyabiashara wa misafara na kuchora ramani ya bara yenye ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na kombe. Ramani hiyo, iliyochapishwa mwaka 1856, ilikuwa na kosa, maana yaliyokuwa maziwa matatu iliyafanya moja. Walakini ndiyo iliyochochea safari ya Richard Burton na John Speke, waliofika Tanganyika karibu na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Hivyo Walutheri waliingia katika historia ya ziwa letu kwa kalamu miaka mia moja na zaidi kabla ya kuingia kwa miguu.

Wa kwanza kuandika juu ya nchi ya Sibwesa kwa kuipita walikuwa Henry Morton Stanley na David Livingstone. Mwishoni mwa Desemba 1871 waliondoka Ujiji kwa mashua, wakashuka pwani ya ziwa kuelekea kusini, kisha mnamo Januari 1872 wakaiacha pwani na kukata nchi ya Ukawendi kuelekea mashariki. Ulikuwa moyo wa masika. Walikuta misitu mikubwa, vilima juu ya vilima, watu wachache, na njaa ikawashika katika msafara. Walifika Unyanyembe tarehe 18 Februari. Mwezi wa Agosti mwaka huo Livingstone aliondoka tena Unyanyembe peke yake pamoja na watu wake, na mwezi wa Oktoba alikuwa katika vilima vya kando ya ziwa, akielekea kusini. Safari hii alikuta kinyume chake: ardhi imechomeka, mawe yanatoa joto kama tanuri, na kupanda na kushuka kusikokwisha. Alikuwa mgonjwa tayari, na mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki katika nchi ya Chitambo. Nchi ni ile ile, mwandishi ni yule yule, na katika mwaka mmoja ameandika juu ya mafuriko na juu ya tanuri. Ambaye angesoma nusu moja tu ya shajara yake asingeijua Ukawendi.

Ziwa lililoikimbia boma

Kisa cha Karema chastahili nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha hapo kituo cha Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Boma lilijengwa juu ya kilima kidogo karibu na maji, kama inavyofaa boma la ziwani. Asichojua Cambier ni kwamba alijenga wakati ziwa lilipokuwa limejaa kuliko kawaida.

Kwa muda mrefu mlango wa Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo. Cameron aliupita mwaka 1874 na kukuta maji hayana njia ya wazi. Stanley alifika mwaka 1876 akaona vivyo hivyo. Mvua za milimani ziliendelea kuteremka, ziwa likapanda. Mnamo 1878 kizuizi kilipasuka. Edward Hore, baharia wa Chama cha Misheni cha London aliyekaa Ujiji, alifika huko 1879 na kukuta Lukuga mto wenye nguvu; Joseph Thomson aliuona hali hiyo hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Ziwa likaanza kushuka, na katika miaka kumi na mitano hivi lilishuka karibu mita 10. Kule Karema, penye ufuko wa mteremko mdogo, maji yaliondoka na kuliacha boma mbali na pwani. Twamsifu Hore kwa sababu, pamoja na kazi ya Injili na homa zisizokwisha, alijali kupima urefu wa maji na kuandika alichokiona.

Mwaka 1885 Karema ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hapo ndipo alipofika, mwaka 1889, Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Niger aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao huko Sahara, akasomeshwa uganga Malta. Alitumika Karema kama katekista na mganga mpaka alipofariki mwaka 1956. Sisi tusio wa Kanisa Katoliki tungefanya vema kumjua, kwa sababu moja inayohusu somo letu: Atiman alikaa chini. Hakuwa na kituo cha mlimani cha kukimbilia wakati wa joto. Alikaa miaka sitini na saba katika ufuko ule ambao kila mmisionari wa wakati wake angeuita kaburi.

Kwani katika zama hizo iliaminika kwamba homa hutokana na hewa mbaya ya mabonde na mabwawa. Neno malaria lenyewe, katika Kiitalia, lina maana hiyo. Kwa hiyo misheni ilitafuta mahali pa juu. Mwaka 1897 Ronald Ross alipoonyesha kijidudu cha malaria ndani ya mbu, ilidhihirika kwamba walikuwa wamefikia uamuzi sahihi kwa sababu isiyo sahihi: juu hakukuwa na hewa njema, kulikuwa na baridi inayomzuia mbu na kijidudu chake kukua. Kadhalika mbung'o hapendi baridi ya milimani, bali miombo yenye joto ndiyo nyumba yake. Serikali ya Waingereza, ikipambana na malale katika miaka ya 1920 na 1930, iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi machache, na nchi kubwa ikaachiwa mbung'o na wanyama. Watu wakapungua vilimani. Misheni, ambayo ilikuwa ikitafuta watu wengi na baridi kwa pamoja, haikuona sababu ya kuja.

Waliokuja na kanisa mkononi

Reli iliyotoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Lakini kilicholeta huduma ya Kilutheri katika nchi hii kwa uzito ni machozi ya majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walipewa makao Mwese, katika nyanda za juu za Mpanda, mahali pa baridi panapowafaa ng'ombe. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha Tanganyika Christian Refugee Service (TCRS), likafanya kazi pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa. Baada ya mauaji ya Burundi ya 1972 yalifunguliwa makazi ya Katumba, na mwaka 1978 Mishamo, yenye vijiji 16 katika msitu wa miombo. Barabara, visima, shule na zahanati zilijengwa. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani ya Warundi, wakiwamo wa Katumba na Mishamo, walipokea uraia wa Tanzania.

Tusisahau kwamba kazi hiyo ya rehema ilikuwa pia kazi ya kukata msitu. Haikuwezekana vinginevyo, na hatumlaumu mtu aliyekata mti ili mtoto wake apate kula. Lakini tangu hapo nchi imefunguka. Wakulima na wafugaji kutoka mikoa ya Ziwa Viktoria wamefuata, na mashamba yamepanda kutoka mabondeni hadi ubavuni mwa vilima. Mto Katuma, uliokuwa na maji mwaka mzima, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Katavi. Watafiti wameonyesha kwamba sababu kubwa ni kuzuiwa kwa maji kwa mabwawa ya mashamba ya mpunga huko juu. Viboko hurundikana katika matope, na picha zao zimekwenda dunia nzima. Picha za wanawake wa vijiji vya chini wakichimba mchanga kutafuta maji hazijakwenda popote.

Pepo za mlima na chemchemi zake

Watongwe waliamini kwamba milima, miti mikubwa na mito ina walinzi wake wa kiroho, waliowaita mugabo, na Nkungwe ulikuwa wa kwanza kwa heshima. Mahali pa hao palikuwa hapaguswi ovyo. Mwaka 1974 na baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi waliteremshwa kutoka makao yao ya zamani, na mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Watafiti wa Kijapani walioanza huko mwaka 1965 chini ya Toshisada Nishida kwa ajili ya sokwe waliandika pia mengi juu ya desturi za wenyeji, ambayo sisi wa Kanisa tulikuwa hatujaona haja ya kuyaandika.

Hapa pana swali gumu, nasi hatulikwepi. Mahubiri yetu yaliondoa hofu ya mugabo, na ilikuwa haki kuiondoa. Zaburi ya 121 hutazama milima ili kuuliza msaada unatoka wapi, na jibu lake si milima. Lakini kuna mahali ambapo hofu ilipoondoka shoka liliingia siku ile ile. Aliyeambiwa kwamba msitu hauna roho alisikia kwamba msitu hauna mwenyewe. Kosa si la Zaburi, ni la mahubiri yaliyoishia nusu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, inatofautisha nchi ya Misri, iliyonyweshwa kwa kazi ya mguu wa mtu kama bustani ya mboga, na nchi ya vilima na mabonde inayongojea mvua na kuangaliwa na Bwana mwaka mzima. Mwandishi huyo alifahamu kwamba watu wa nchi ya vilima wana utegemezi wa namna nyingine, na kwamba utegemezi huo una masharti. Hatujasikia sura hiyo ikihubiriwa mara nyingi huku, ingawa ingewafaa watu wa Sibwesa kuliko watu wa mahali pengi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vimekuwa vikilinda misitu ya milima ya Ntakata, na hulipwa fedha za hewa ya ukaa. Zahanati na madarasa yamejengwa kwa fedha hizo. Twaliona jambo hili kuwa jema, na aliye na shaka aende akaone. Hata hivyo msitu uliolindwa kwa sababu una bei huko ng'ambo utalindwa kadiri bei itakavyodumu, na Dayosisi ya Ziwa Tanganyika, pamoja na makanisa mengine ya mahali hapa, hayawezi kuliachia soko kazi yote ya kufundisha.

Ziwa nalo limerudi. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha mpaka 1964. Zile za mwishoni mwa 2019 na baada yake zimelipandisha tena, mpaka maji yakaingia katika nyumba na bandari za Kigoma, Kalemie na Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Karema imepata bandari mpya, karibu na pale Cambier alipojenga. Kwenye Kilimanjaro, ile baridi ya Rebmann imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake kati ya 1912 na 2011. Mambo haya yote twayajua kwa sababu kuna watu waliopima na kuandika.

Kwa hiyo twatoa pendekezo dogo. Mapadre Weupe walikuwa na sheria ya kuandika kitabu cha kila siku katika kila kituo, na vitabu hivyo leo ni hazina. Vitabu vyetu vya usharika vina ubatizo, ndoa, maziko na sadaka, na havina mvua. Kila usharika na kila mtaa katika nchi ya vilima waweza kupata kipimo cha mvua. Si kitu cha gharama, na mtoto wa shule ya Jumapili hufundishwa kukisoma kwa siku moja. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, mdomo wake ukiwa sawasawa. Kisomwe saa tatu asubuhi, kila siku, hata siku isiyo na mvua, na idadi ya milimita iandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyesoma. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kutazama.